Mama Shuka na Mgonjwa wa Kitanda cha Sita

Katika wodi ya wagonjwa wa kifua, ghorofa ya pili, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauguzi wenzake, wafagiaji, hata wagonjwa waliokaa zaidi ya siku mbili walimwita Mama Shuka. Jina hilo alilipata tangu ujana wake kazini, kwa sababu kitanda alichokitandika yeye kilinyooka kama ubao uliopigwa randa, pembe zimekunjwa na kubanwa chini ya godoro, na ndugu wa mgonjwa aliyethubutu kukalia ukingo wake alijuta. "Hili si benchi," angesema bila kupandisha sauti, na mtu akanyanyuka mwenyewe.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye hatua za haraka na viatu vya mpira visivyosikika. Alikuwa kifungua mimba wa mshona sare za shule na msimamizi wa ghala la mbao. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mumewe, karani wa idara ya maji, alipenda kusema kwamba ukimsikia mke wake anamsifu mtu, basi ujue mtu huyo yuko mahututi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini aliwauguza watu waliopasuliwa kifua kwa mtindo wa zamani. Kisu kilipita kutoka chini ya titi mpaka karibu na uti wa mgongo, mbavu zikapanuliwa kwa chuma, na mtu akatoka huko na mshono mrefu kama zipu ya begi la safari. Baada ya hapo alilala. Siku kumi, kumi na mbili, wengine wiki tatu. Na katika kumlaza mtu, Mama Shuka hakuwa na mpinzani. Alijua kumgeuza bila kumuumiza, kumwogesha bila kumlowesha, kumlisha bila kumpalia. Mgonjwa mzuri, kwake yeye, alikuwa mgonjwa aliyetulia.

Mambo yalibadilika alipokuja daktari mpya wa upasuaji. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi kiasi kwamba kwenye meza ya upasuaji alisimama juu ya kibao. Yeye hakukifungua kifua. Alitoboa matundu mawili au matatu ubavuni, kubwa kati ya hayo likitosha vidole viwili, akaingiza kamera nyembamba na vyuma virefu, akafanya kazi yake macho yakiwa kwenye skrini. Wagonjwa walianza kurudi wodini na plasta tatu ndogo badala ya bandeji ya kuzunguka mwili mzima. Hilo Mama Shuka hakuwa na neno nalo. Kilichomkera ni karatasi.

Karatasi yenyewe ilibandikwa ukutani, mlangoni mwa chumba cha wauguzi. Ilisema mgonjwa aache sigara na aanze mazoezi ya kuvuta pumzi wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Ilisema asishindishwe na njaa usiku kucha, bali apewe kinywaji cha sukari hadi saa mbili kabla ya kuingia. Achomwe ganzi ya mbavuni ili maumivu yasimzuie kukohoa. Awekewe mpira mmoja tu wa kutoa maji na hewa kifuani, na utolewe mapema. Na hapo ndipo Mama Shuka aliposhusha miwani hadi ncha ya pua.

"Daktari," alisema, "hapa pameandikwa akae kwenye kiti siku hiyo hiyo ya upasuaji. Umekosea kuandika, au ni mimi sioni vizuri?"

"Unaona vizuri, Sista."

"Na hapa, atembee jioni?"

"Mpaka mlangoni na kurudi. Hatua ishirini zinatosha."

"Mtu aliyekatwa pafu asubuhi."

"Pafu limekatwa, Sista. Miguu haijakatwa."

Nesi kijana aliyekuwa kwenye zamu aliangua kicheko, kisha akajifanya amepaliwa.

Daktari hakubishana zaidi. Alimwomba Mama Shuka jambo moja tu: aweke daftari. Kila mgonjwa aandikwe siku aliyokaa kitini, siku aliyotembea, kama alipata homa, siku mpira ulipotolewa, na siku aliyokwenda nyumbani. Halafu achukue na mafaili ya mwaka uliopita, aandike vivyo hivyo, walinganishe. Mama Shuka aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Aliamini daftari lingemuumbua daktari. Alichora mistari kwa rula, akaandika kwa wino mweusi, na kwa miezi miwili hakukosa hata siku moja.

Wiki ya tatu mwalimu mstaafu wa kitanda cha kumi alinyanyuliwa kutoka usingizini, akasimama, akaona giza, akaanguka. Nyusi yake ilipasuka kwenye pembe ya kabati. Daktari alikuja kumshona, na muda wote huo Mama Shuka alisimama pembeni ameshika sinia la vifaa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa anachokiwaza. Lakini jioni ile, badala ya kwenda kwa mganga mkuu kulalamika kama wenzake walivyotarajia, alikaa akafikiri ni kwa nini yule mzee ameanguka wakati wengine kumi na wawili hawakuanguka. Mzee alitolewa kulala akapelekwa kusimama kwa mkupuo mmoja. Mama Shuka alichukua kalamu, akaiendea ile karatasi ya ukutani, akaongeza kwa mkono wake: *Kwanza akae ukingoni mwa kitanda, miguu ining'inie, dakika tano. Apimwe presha. Ndipo asimame.* Daktari aliyakuta maandishi hayo asubuhi. Akayasoma mara mbili, akaichukua karatasi, na saa sita mchana ikarudi imechapwa upya na mstari huo ndani yake.

Miezi miwili ilipotimia, Mama Shuka alijumlisha. Wagonjwa thelathini na mmoja wa mwaka uliopita: tisa walipata homa ya mapafu. Ishirini na wanane wa mtindo mpya: wawili, na wote wawili ni wale waliogoma kuinuka. Alijua kwamba matundu madogo nayo yana mchango wake, hakuwa mjinga. Lakini wale wawili waliopata homa walikuwa na matundu madogo kama wenzao. Alijumlisha tena kwa kikokotoo. Kisha akafunga daftari, akateremka stoo, akazua ugomvi na mtunza stoo mpaka akapewa viti.

Hakusema ameshindwa, wala hakumwambia daktari kwamba ameshinda. Kesho yake kila kitanda kilikuwa na kiti cha mbao ubavuni, na Mama Shuka alikuwa akipita kimoja kimoja akiwaambia watu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaambia walale, waamke.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha akaugua mdogo wake.

Huyu alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao, mwanamume wa miaka arobaini na minne, fundi wa kuchomea vyuma. Alitengeneza mageti na madirisha, na aliishi na mama yao katika nyumba ya vyumba vitatu yenye karakana uani. Alikuwa mtu wa mzaha. Hata alipojichoma mkono hadi ngozi ikatoka, alimwambia dada yake kwamba ameamua kubadilisha rangi. Kiwanda kimoja cha matangi kilitaka kumwajiri, kikamtuma akapimwe afya, na picha ya kifua ikaonyesha kivimbe kwenye pafu la kulia, juu, ukubwa wa gololi.

"Kitatolewa," daktari alimwambia. "Lakini kabla ya hapo nataka wiki nne bila sigara. Utembee nusu saa kila siku. Na hiki hapa ukivute mara kumi kila saa." Akampa kidude cha plastiki chenye vipira vitatu vinavyopanda mtu anapovuta pumzi.

"Daktari, mimi ni mgonjwa au nimeitwa timu ya taifa?"

"Vyote viwili."

Sigara aliacha, kwa manung'uniko. Kidude alikivuta mbele ya watu tu.

Mama Shuka alimwomba daktari kwamba mdogo wake asipangwe upande wake. "Ndugu yangu sitamuuguza sawasawa," alisema. "Nitamhurumia au nitamkaripia." Daktari alikubali, na kitanda cha sita kikapewa nesi mwingine. Lakini asubuhi ya upasuaji nesi huyo alipiga simu kuwa anaumwa tumbo, na wodi ikabaki na wauguzi wawili kwa vitanda kumi na vinane. Hapakuwa na la kufanya. Fundi akaangukia mikononi mwa dada yake.

Mama yao alifika mapema akiwa na mkoba wa nguo na kanga ya kujifunika. Alikuwa na miaka sabini na saba, macho yamepungua nguvu lakini ulimi uko imara. Alimkuta mwanawe anakunywa kikombe cha juisi.

"Mnampa juisi mtu anayekwenda kupasuliwa?"

"Ndiyo utaratibu, mama," Mama Shuka alijibu.

"Utaratibu wa wapi?"

"Wa hapa."

Upasuaji ulianza saa mbili na nusu na kwisha kabla ya saa tano. Kipande cha pafu kilitoka pamoja na kile kivimbe, kikapelekwa maabara. Fundi alirudi wodini akiwa na plasta tatu na mpira mmoja uliotoka ubavuni kwenda kwenye chupa sakafuni. Saa nane alifumbua macho vizuri. Saa tisa alikunywa chai. Saa kumi Mama Shuka alimkalisha ukingoni, miguu ikining'inia, akampima presha, akahesabu dakika tano kwenye saa yake, kisha akamwingiza mkono kwapani.

"Simama."

"Dada, ukinitikisa nakufa."

"Hufi. Simama."

Alisimama, akakunja uso, akapiga hatua moja kuelekea kiti. Ni wakati huo huo mama yao alipoingia na wageni wengine wa saa za kutazama wagonjwa. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Mwanangu kapasuliwa asubuhi," alisema, na wodi nzima ikasikia, "jioni unamfanyisha gwaride?"

"Mama, anakaa kwenye kiti tu."

"Kitanda kina nini? Kimeshika moto?"

Ndugu wa wagonjwa wengine walicheka. Fundi naye alitaka kucheka, akashika ubavu, akaghairi. Mama Shuka alimkalisha, akamwekea mto mdogo wa kukumbatia anapokohoa, akaenda kitanda cha saba. Saa kumi na moja na nusu alirudi, akamtembeza hadi mlangoni. Hatua ishirini, akiwa amebeba chupa kwa mkono mmoja, chini ya usawa wa kifua. Fundi alirudi kitandani jasho likimtiririka, mama yake akimpepea kwa upindo wa kanga na kumtazama binti yake kana kwamba ni mtu baki.

Kesho yake asubuhi daktari alipita. Alisikiliza kifua, akatazama chupa, akaridhika. "Leo utembee mara sita," alimwambia Fundi. "Kidude hiki kila saa. Ukohoe. Chupa ikiendelea hivi, kesho asubuhi mpira natoa, keshokutwa uko kwako." Kwenye miguu ya kitanda palining'inia karatasi ya kutia alama kila akitembea, na kalamu imefungwa kwa uzi.

Mama Shuka aliifunga chupa kwenye chuma cha kitanda kwa utepe wa bandeji ili isipinduliwe na wafagiaji. Alimwonyesha mama yake jinsi ya kuifungua. Kisha akashikwa na kazi: mmoja aliletwa kutoka chumba cha upasuaji, mwingine akaanza kutapika, na simu ya wodi haikunyamaza. Alipopita saa sita mchana, karatasi ya kitanda cha sita ilikuwa na alama tatu. Alipopita saa tisa, zilikuwa sita.

"Ametembea vizuri sana," mama yake alisema kabla hajaulizwa. "Mpaka mimi nimechoka kumfuata."

Saa kumi alikuja kupima joto. Lilikuwa limepanda. Siyo sana, lakini limepanda. Kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni imeshuka. Alimwekea kifaa mgongoni akasikiliza, na sehemu ya chini ya pafu la kulia, ambako asubuhi alisikia hewa ikiingia, sasa palikuwa kimya. Aliitazama karatasi. Alama zote sita zilikuwa na urefu mmoja, zimepangana kama askari, tatu kwa mkupuo mmoja na tatu kwa mwingine. Akainama kutazama chupa.

Utepe wa bandeji ulikuwa pale pale. Fundo lilikuwa lake, lile alilolifunga asubuhi, na ncha zake bado zimechomekwa ndani kama alivyozichomeka. Chupa ile isingetoka pale bila fundo kufunguliwa, na mgonjwa asingetembea bila chupa.

Mama yao alikuwa ameteremka kununua mkate. Mama Shuka aliinuka, akaipanga upya kalamu kwenye uzi wake, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda. Mgonjwa wa kitanda cha tano alimtazama wa kitanda cha saba.

"Umetembea mara ngapi?"

"Si nimeandika hapo?"

"Nakuuliza wewe, siiulizi karatasi."

Fundi alitafuta mzaha, akaukosa. "Sijatembea," alisema.

"Kidude?"

"Mama alikuwa anakitikisa ili vipira vipande."

"Ganzi imeisha? Maumivu?"

"Yanavumilika."

"Sasa ni nini? Mtu mzima wewe. Unapanda juu ya mageti ya watu na mtungi wa gesi, unashindwa kwenda mlangoni?"

Fundi aliitazama sakafu kati ya kitanda na mlango, zile hatua ishirini.

"Nilikuwepo siku ile ya baba," alisema.

"Siku gani?"

"Siku aliyokufa."

"Baba alifia usingizini."

"Ndivyo ulivyoambiwa."

Baba yao alifariki miaka thelathini na minne nyuma, siku ya kumi na moja baada ya kufanyiwa upasuaji wa utumbo katika hospitali nyingine. Mama Shuka wakati huo alikuwa mwaka wa kwanza kwenye chuo cha uuguzi, mbali, na simu ilimfikia kupitia ofisi ya mkuu wa chuo. Aliambiwa baba amelala hakuamka. Alizika, akarudi chuoni, akaendelea na masomo.

"Alitaka kwenda msalani mwenyewe," Fundi alisema. "Mama alikuwa amekwenda kusuuza vyombo. Mimi nilimshikia kandambili akavaa. Akasimama. Akapiga hatua tatu, akashika kifua hivi, akaanguka. Mama alirudi akamkuta chini. Aliniambia nisikwambie. Alisema wewe uliagiza asiinuke, na yeye aliacha akainuka, na ukijua hutamsamehe." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Kwa hiyo jana ulipokuwa unanisimamisha, sikuogopa maumivu. Nilikuwa nasubiri hatua ya nne. Jana ilinipita, nikahofia leo haitanipita."

Mama Shuka alikuwa anakumbuka kitu kingine, na kilimjia chote, hata harufu. Ilikuwa siku ya pili baada ya upasuaji wa baba. Alikuja kumtazama akiwa na sare mpya ya chuo, imepigwa pasi, na alimkuta baba amekaa kitandani anatafuta viatu, anataka kutoka nje aone jua. Alimrudisha yeye mwenyewe. Alimfunika shuka mpaka kifuani, akambana pembe. Akamwambia mama yake, kwa sauti ya mtu aliyesoma miezi mitano: asiweke mguu chini, mama, mgonjwa ni wa kupumzika. Na mama, ambaye hakuwahi kuwa na mtoto msomi kabla ya huyo, alilishika neno hilo kama amri kwa siku tisa.

"Nisikilize," alimwambia mdogo wake. "Kusimama hakukumuua baba."

"Nilikuwepo, dada."

"Ulikuwepo siku ya mwisho. Mimi nakwambia siku zile kumi za kabla. Mtu akilala siku zote hizo bila kusogeza miguu, damu inaganda mguuni. Inakaa pale inasubiri. Siku akiinuka, inabanduka, inapanda, inaziba mapafu. Sikufanya uchunguzi, siwezi kuapa. Lakini nimeona wengi wakienda hivyo hivyo, hatua tatu, mkono kifuani. Angeinuka siku ile alipotaka kuinuka, huenda angeishi."

"Na nani alimkataza?"

"Mimi."

Fundi alimtazama. Yeye hakuyakwepa macho yake.

"Mimi ndiye niliyemlaza," alisema. "Na wewe sasa umelala siku nzima, pafu lako la chini limefunga, joto limepanda. Sina la kukubembeleza. Shusha miguu."

Alishusha miguu. Mama Shuka alipima presha, akatazama saa kwa dakika tano. Aliinama akafungua fundo, akachukua chupa. Hatua ya kwanza Fundi alimkamata mkono kwa nguvu mpaka vidole vikamwachia alama. Ya pili. Ya tatu. Baada ya ya tatu alisimama, macho ameyafumba.

"Endelea," dada yake alisema.

Walikuwa kwenye korido, wamepita mlango wa wodi na kwenda zaidi ya hatua ishirini, mama yao alipopanda ngazi na mkate wake.

"Mwachie!" alisema. "Mwachie, nakwambia!"

"Niache nitembee, mama," Fundi alisema. "Dada anajua. Nimemwambia yote."

Mama aliegemea ukuta. Alikaa kwenye benchi la korido, mkate mapajani, akawatazama wakipita kwenda, wakipita kurudi. Mara ya tatu walipompita, Fundi alikohoa kikohozi kizito, akiwa amekumbatia mto, na kilichotoka Mama Shuka alikikinga kwenye kikaratasi na kukitazama kama sonara.

Jioni hiyo daktari alielezwa kila kitu, pamoja na alama sita za uongo. Aliagiza dawa na mazoezi zaidi, na mpira ukaachwa siku moja ya ziada. Joto lilishuka baada ya siku mbili. Fundi alitoka hospitali siku ya tano baada ya upasuaji badala ya siku ya tatu, akitembea kwa miguu yake hadi getini, ambako alisimama kulikagua geti na kusema limechomewa na mlevi.

Majibu ya maabara yalitoka baada ya wiki mbili. Kivimbe kilikuwa saratani changa, na kingo za kipande kilichokatwa zilikuwa safi, bila chembe za saratani. Hapakuhitajika dawa nyingine kwa sasa. Atapimwa kila baada ya miezi sita kwa miaka kadhaa. Mama Shuka ndiye aliyepeleka habari hiyo nyumbani, adhuhuri moja, baada ya zamu ya asubuhi. Fundi aliipokea, akauliza kama "kwa sasa" ni muda mrefu kiasi gani, akaambiwa hakuna ajuaye, akavaa viatu akaenda kutembea nusu saa yake.

Mama yao alikuwa uani, akichambua mchele kwenye ungo. Tangu siku ile ya korido hakuwa amezungumza na binti yake zaidi ya salamu na mambo ya dawa. Mama Shuka alivuta kigoda, akakaa, akaanza kuchambua upande wake wa ungo.

"Kwa hiyo amekwambia," mama alisema.

"Ameniambia."

"Nilikwenda kusuuza bakuli moja tu. Bakuli moja. Miaka yote hii nasema, ningeliacha chafu."

"Bakuli halina kosa, mama. Hata kusimama hakuna kosa. Alikuwa amelala mno."

Mama alitoa punje moja ya jiwe, akaitupa. "Fundi kanieleza hayo ya damu. Nilidhani kakosea kusikia."

"Hajakosea. Na aliyesema alale ni mimi."

"Wewe ulikuwa mtoto," mama alisema, karibu kwa hasira. "Daktari wao alikuwa anapita kila asubuhi na suti yake, naye alisema hivyo hivyo. Utachukua na lake?"

Walichambua kwa muda. Kutoka karakana hapakuwa na mlio wowote. Mashine zilikuwa zimefunikwa, kwa kuwa Fundi alikatazwa kunyanyua kitu kizito kwa wiki sita.

"Ingekuwa sasa," mama aliuliza, "ingekuwaje?"

"Nini?"

"Baba yenu. Angekuja kwenu sasa hivi na tumbo lile. Mngemfanyaje? Nieleze yote."

Mama Shuka aliweka mikono mapajani. Alimweleza kama anavyowaeleza wauguzi wapya, bila kuharakisha. Tumbo lake lingetaka kupasuliwa haraka, kwa hiyo hapangekuwa na wiki nne za mazoezi. Wangempa ganzi nzuri. Wangemtobolea matundu kama ingewezekana, na kama isingewezekana wangemkata, lakini padogo. Siku hiyo hiyo angekunywa maji kidogo. Jioni angekalishwa ukingoni, miguu ikining'inia. Angepewa sindano ya kuzuia damu kuganda. Siku ya pili angetembea.

"Mwenyewe?"

"Na mtu pembeni. Angetoka nje kuona jua, alivyotaka."

"Na siku ya tatu?"

"Angetembea zaidi. Angekula."

"Halafu?"

"Siku ya tano au ya sita, kama hakuna homa, angerudi nyumbani."

Mama alitikisa kichwa taratibu, akiwa na macho kwenye ungo. Kisha akamwomba aanze tena, kutoka siku ya kwanza, maana pale kwenye sindano hakuwa ameelewa vizuri.